Siku ya Mteremko, Goti Likagoma

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nimeikanyaga nikiwa mwali, nikaikanyaga na mimba zote, nikaikanyaga na ujane, na kwa kukanyaga kote huko haijanifikisha hata mlangoni. Kwa hiyo watu wa klabu ya baiskeli walipokuja kuchukua mifuko niliyowashonea, niliwauliza wanaipeleka wapi. Wakasema wanakata nchi nzima, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Nikawaambia na mimi nakuja.

Wakacheka. Baiskeli ya marehemu ninayo, na ndiyo niliyokuwa nikipelekea wateja nguo zao kila siku, ila wao waliona mvi tu. Binti yangu hakucheka. Alisema, "Mama, utaishia kupakiwa garini kama gunia la viazi, halafu aibu iwe yetu sote."

Hapo ndipo nilipoapa, mbele yake na mbele ya wateja waliokuwa wanangoja kupimwa. Nitaendesha, na pakinishinda nitasukuma, lakini kupakiwa sipakiwi. Na sheria ya klabu ni hiyo hiyo. Anayeendesha au kusukuma njia nzima, amekata nchi. Anayepanda gari hata kipande kidogo ni abiria, na abiria hana la kusimulia.

Gari lenyewe linakuja nyuma yetu na masufuria na magodoro, na ndani yake amekaa wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye ndiye mpishi wa safari. Mimi na wifi hatujawahi kupatana hata juu ya chumvi. Kila jioni alikuwa akinipigia kiti cha mbele makofi, pa pa pa, kama anayemwita kuku. "Njoo wifi, nimekupashia moto!" Nami namjibu, "Kaa wewe, una makalio ya kukalia."

Milima ya mwanzo tuliimaliza. Mimi milimani sikuwa nasimama. Vijana walinipita, wakasimama kunywa maji, nikawapita, wakanipita tena. Hivyo hivyo, mdogo mdogo, mpaka juu. Goti langu la kulia nalijua, limezoea cherehani. Likiwa kazini halisemi kitu. Ukilipumzisha linajiona mke mkubwa.

Ikafika asubuhi ya siku ya mteremko. Kiongozi wetu, ambaye tunamwita Filimbi kwa sababu hata usingizini filimbi iko shingoni, alitukusanya, akasema, "Jamani, leo ni mteremko tu, siku rahisi. Njia fupi, tambarare, upepo uko mgongoni. Ila kuna malori ya kokoto, kwa hiyo leo hakuna wa mbele wala wa nyuma. Tunakwenda pamoja, tunapumzika pamoja. Sawa?"

"Sawa!" Kelele kama watoto wamefunga shule.

Akanigeukia. "Bibi, wewe ungepanda gari leo, upumzike. Siku yenyewe si chochote."

"Siku za milima mbona hukuniambia nipande?"

"Siku za milima nilikuogopa, Bibi."

"Basi endelea kuogopa," nikamwambia, nikapanda baiskeli.

Na kweli ilikuwa raha. Barabara imenyooka, upepo unatusukuma, mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Ubavuni kwangu alikuwa Mwalimu, mwanamume mnene mcheshi ambaye kila siku alikuwa akililia siku hii. Lori likipita linatupaka vumbi sote sawasawa, tunacheka.

Tulipofika kwenye kibanda cha chai, Filimbi akapuliza. Wifi akashusha vikombe. Kawaida yangu ningekunywa nimesimama, huku natembeatembea. Lakini wifi akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mwacheni, huyo hakai na watu. Ni mashine huyo."

Basi nikakaa. Nikakaa kwenye benchi, nikaongezewa chai, nikaombwa hadithi. Nikawapa ile ya bwana harusi aliyerudisha suruali kwangu mara tatu, kumbe kinachopungua si kitambaa, ni yeye anayeongezeka. Mwalimu alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Hadithi ikazaa hadithi. Nilikuwa nimesahau utamu wa kukaa.

Filimbi akapuliza. Wote wakainuka. Mimi nikainuka na mguu mmoja.

Goti lilikuwa limekaza. Si maumivu, maumivu nimeyazoea. Lilikuwa limekataa kukunjika kabisa, kama bawaba iliyoshika kutu. Nikapanda, nikakanyaga na mguu wa kushoto. Pedeli ya kulia ikapanda hadi katikati, ikagonga mguu uliokataa kupinda, ikarudi. Nikajaribu tena. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama ndiko kulikonishinda.

Wifi akafungua mlango wa gari. Safari hii hakupiga kiti makofi, na kule kutopiga ndiko kulikonitisha.

"Bibi," Filimbi akasema taratibu, "siwezi kukuacha nyuma peke yako na malori haya. Panda gari hadi mahali pa kulala tu."

"Nasukuma."

"Ukisukuma tutafika giza limeingia."

"Wewe asubuhi ulisemaje? Si ulisema tunakwenda pamoja? Basi shukeni tusukume."

Mwalimu akatupa mikono juu. "Bibi jamani! Tuliahidiwa mteremko!"

"Nawe umeupata. Kusukuma baiskeli tambarare kuna shida gani, mtu na kifua chake?"

Filimbi aliutazama mlango wa gari, akanitazama mimi, akalitazama jua. Akashuka. Wakashuka wote, wengine kwa manung'uniko, na mstari mzima wa watu wenye kofia ngumu na kaptula za kubana ukaanza kutembea na baiskeli zao pembeni kama wanapeleka mbuzi mnadani. Madereva wa malori walitupigia honi. Mmoja akachungulia akauliza, "Zimewaishia petroli?"

Nilitembea kama ngazi ya mbao. Kila hatua nilitaka goti lipinde, nalo linapinda unywele, halafu linakataa. Nikaanza kuhesabu vichwa vilivyogeuka kunitazama, nikaona aibu ile aliyoisema binti yangu inakuja hata bila gari. Nikakaza meno.

Wifi akateremka garini. Akaja ubavuni kwangu, mikono kiunoni.

"Hivyo ndivyo unavyotembea? Kaka yangu alioa meza?"

"Alioa mwanamke. Meza ni wewe, uliyehamia kwetu ukakaa pale pale."

"Inua mguu! Juu! Unaburuza kama khanga iliyofunguka."

"Nikiinua huu utakuwa wa kukupiga teke."

"Haya nipige, tuone kama unafika."

Nikainua ili nimpige. Haki ya Mungu nilitaka kumpiga. Goti likalia ko! Mwalimu akasikia, akaruka. Nikainua tena, likapinda zaidi. Wifi akaruka nyuma, mimi namfuata, yeye anaruka, mimi nainua, mpaka watu wakaacha kununa wakaanza kutuhesabia kwa sauti.

"Shikeni baiskeli," nikasema.

Filimbi akaishika. Nikapanda. Pedeli ya kulia ikapanda, ikafika juu, ikasita, ikapita. Waliogopa, nami niliogopa zaidi yao. Nilikanyaga ya pili, na ya tatu, halafu nikasikia mnyororo unaimba, na nyuma yangu wote wakipanda.

Tatizo lilibaki moja. Mbele kulikuwa na mapumziko mengine, na sheria ya kupumzika pamoja haikufutwa. Filimbi akapuliza kwenye kiwanja kipana mbele ya ghala. Wote wakashuka wakajitupa kivulini. Mimi sikushuka. Nikazunguka kiwanja. Nikawazunguka na baiskeli yangu, polepole, kama punda wa kinu, wao wanakunywa chai mimi nazunguka. Nikipita kwa wifi ananipa kikombe, nakunywa funda, nikirudi nampa. Raundi nyingine kipande cha mkate.

"Bibi, unatutia kizunguzungu," akalalamika Mwalimu.

"Fumba macho."

Mlinzi wa ghala akatoka na kiti chake ili atazame vizuri. Akamuuliza wifi, "Huyu mama ana nini?"

Wifi akajibu, "Ana kichwa kigumu. Goti limemwiga."

Tulifika mahali pa kulala jua likiwa bado liko juu. Niliingia getini nimekaa kwenye kiti cha baiskeli, miguu yote miwili inazunguka. Kushuka kulikuwa habari nyingine. Filimbi alishika usukani, wifi akanikumbatia kiunoni, wakanivua kutoka kwenye baiskeli kama kiatu kinachobana. Wifi akaniketisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kunikanda goti kwa maji moto.

Filimbi akachuchumaa mbele yangu. "Nisamehe, Bibi. Siku rahisi niliipima kwa magoti yangu. Kesho njia haina malori. Utatangulia, usimame unapotaka, na usiposimama hakuna atakayekuuliza."

"Kesho kuna nini?"

"Mlima," akasema.

"Mrefu?"

"Mrefu sana."

Nikamwambia wifi aongeze maji ya moto.