Karatasi ya Waliozaliwa Njiani

Watu walipoanza kusema vita vimeisha, ingawa kutoka milimani bado tulisikia bunduki, nilichaguliwa kuwa sekretere wa muungano wa mashirika ya kutetea watoto pale Uvira. Nilikuwa mwalimu asiye na darasa. Shule yangu ilikuwa imegeuka makao ya askari. Nyumbani, mtaa wa Mulongwe, niliishi peke yangu. Mume wangu na watoto wetu walikuwa wamevuka ziwa, wakapata kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Mimi nilibaki kumuuguza mama yangu. Mama alipofariki nilitaka kuwafuata, lakini kila mara mume wangu alituma salamu ileile: ngoja, tutarudi sisi.

Nikangoja, huku nikiandika mambo ya watoto wa wengine.

Binti yetu wa mwisho nilimzaa njiani karibu na Makobola, tulipokuwa tukikimbia vita vya kwanza. Mama mmoja wa kijiji ndiye aliyenizalisha, kwenye jiko la nyumba yake. Tuliporudi mjini nilimbeba mgongoni hadi ofisi ya kuandikisha vizazi. Karani akanitazama kwa huruma.

"Mama, muda umepita. Sasa mpaka tribinali, kwa jaji."

"Muda ulipokuwa haujapita," nikamwuliza, "ofisi ilikuwa wazi?"

Akacheka, nami nikacheka, kisha nikarudi nyumbani na mtoto ambaye serikali haikumjua. Vita vya pili vilipokuja, alivuka ziwa na baba yake hivyo hivyo, bila karatasi.

Muungano wetu ulikaa kila Alhamisi katika ukumbi wa parokia. Walikuwemo akina mama wa Kikatoliki, wachungaji, wavuvi, walimu, na wakulima wa bonde la Ruzizi. Alikuwemo pia mama mmoja kutoka nyanda za juu, huko Mulenge, kwa wafugaji ambao wengi mjini waliwaita wageni. Yeye alishuka mlima kwa miguu, akalala njiani, akafika na vumbi hadi magotini. Alikaa karibu na mlango. Ukumbi ujae vipi, viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu.

Siku moja tulipata barua kutoka Kinshasa. Wenzetu wa huko walikuwa wanaandaa mapendekezo ya sheria ya kulinda watoto, wakataka kila mji upeleke mambo matatu ya kuwaambia wabunge. Matatu tu, kwa sababu mbunge hasomi orodha ndefu.

La kwanza halikuhitaji mjadala: watoto wasiingizwe jeshini. Kila mtu pale alikuwa na mtoto, au mtoto wa ndugu, aliyechukuliwa. La pili lilikuwa wasichana waliobakwa, na tulilipitisha kwa sauti ya chini, bila kutazamana. Kwa la tatu wengi walisema masomo ya bure. Ndipo mama wa mlimani akasimama.

"Ninaomba karatasi ya kuzaliwa," alisema. "Mutoto bila karatasi, kila muntu anaweza kumwambia: weye si wa hapa. Na akishasema hivyo, anaweza kumufanyia yote."

Prezida wa muungano wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nilipokuwa mdogo. Akavua miwani.

"Mama, hiyo haiko neno ya watoto. Iko neno ya uraia. Ikiingia hapa, muungano unavunjika leo."

Sikujua kama ningesema. Najua tu kwamba niliweka kalamu chini.

"Minye mutoto wangu pia hana karatasi," nikasema. "Na minye ni wa hapa. Nilimuzaa kule Makobola, tukiwa tunakimbia. Wako wengi hivyo, wa mlimani na wa ziwani."

"Weye uko sekretere," akasema prezida. "Andika."

Mama mmoja nyuma yangu, ambaye kila Jumapili alinipitia nyumbani twende misa pamoja, akauliza kwa sauti ili wote wasikie: "Tangu lini weye uko muntu wao?"

Wakapiga kura. Sekretere hakuwa na kura. Kwa karatasi ya kuzaliwa uliinuka mkono mmoja, ule wa karibu na mlango.

Nilipotoka, wenzangu walikuwa wametangulia wote. Mama wa mlimani alikuwa ananisubiri barabarani. Akanishika mikono yote miwili.

"Ungenyamaza, mama," aliniambia. "Minye nimezoea. Weye utaishi nao."

Alisema kweli. Jumapili ile nilivaa, nikakaa mlangoni kungoja, mpaka kengele ya pili ikalia. Nikaenda misa peke yangu, nikarudi peke yangu, na ikawa hivyo miaka mingi.

Barua ya muungano niliipiga chapa mimi. Nilipomaliza jambo la tatu, masomo ya bure, nafasi ilibaki chini ya ukurasa, na nikajua ningeweza kuongeza mstari mmoja bila mtu kufahamu hadi barua ifike. Nilikaa nikiutazama weupe ule muda mrefu. Lakini nilikuwa nimeandika maneno yao katika daftari kwa mkono wangu. Nikaitoa karatasi, nikaweka nyingine, nikaandika barua yangu mwenyewe juu ya karatasi ya kuzaliwa: ukurasa mmoja, sahihi moja, bila muhuri.

Nikazipeleka zote mbili kwa prezida. Alisoma yangu polepole, kama alivyokuwa akisoma madaftari yetu zamani. Akachukua kalamu, akarekebisha neno moja la Kifaransa nililolikosea. Kisha akaikunja pamoja na ile ya muungano, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga.

"Usiseme kwamba niliiona," aliniambia.

Hatukuzungumzia jambo hilo tena hadi alipofariki.

Mapigano yaliporudi, watu wa mlimani waliokuwa mjini walitafutwa nyumba kwa nyumba, na waliowahi walivuka kwenda Burundi. Mama yule alionekana mpakani, akitembea na watoto wawili. Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyopata juu yake. Niliwauliza wengi. Baadaye niliacha kuuliza, kwa kuwa swali lenyewe lilinipa sura mbaya machoni pa watu.

Sheria ilipotoka, niliisikia redioni nikiwa napepeta ndagala, dagaa wa ziwani. Msomaji alisema kila mtoto ana haki ya kuandikishwa, bila malipo, na muda umeongezwa. Sijui kama ukurasa wangu ulisomwa na mtu. Bila shaka waliolilia jambo lile nchini walikuwa wengi. Nilisimama nikatafuta wa kumwambia. Uani jirani yangu alikuwa anaanika nguo. Nikamweleza yote mbio mbio.

"Vizuri, mama," akasema, akaendelea kuanika.

Watoto walirudi na baba yao baada ya hapo, kwa meli, bandari ya Kalundu. Binti yangu alikuwa karibu kunifikia kwa urefu. Akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

Huku kwetu hatuna salamu hiyo. Nilisimama nikimtazama, mpaka baba yake akaninong'oneza cha kuitikia.

Kwake hata muda mpya ulikuwa umekwisha zamani, kwa hiyo tukaenda tribinali. Walitaka shahidi wa kuzaliwa kwake. Mama aliyenizalisha alikuwa ameuawa pamoja na nyumba yake yote, ikabidi shemeji yangu aape. Tulienda, tukarudishwa, tukaenda tena, hadi siku tulipopewa karatasi yenye muhuri. Binti yangu aliisoma yote, tumesimama kwenye ngazi.

"Kwa hiyo mimi ni wa hapa?" akauliza.

"Ndiyo, mwanangu."

Akaikunja vizuri, akanirudishia, akaniuliza ni lini yeye na ndugu zake watarudi Kigoma.