Jiko la Mapembe

Nyumba yetu ya Nyamianda ilipofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, nilimwambia mume wangu apange vyumba atakavyo, ila jiko aniachie mimi. Nilitaka jiko la ndani, la kupikia umesimama, lenye umbo la U. Mawifi walisema ni fahari, na hawajaacha kusema. Ukweli ni kwamba tangu nijifungue mtoto wetu wa mwisho, mgongo wangu haukubali kuinama. Nikishuka mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, lazima mtu aje kuniinua.

Mpango wenyewe ni rahisi. Meza ya saruji inafuata kuta tatu, imefika kiunoni, na upande wa nne unabaki wazi kwa kuingilia. Kushoto nilipanga lavabo ya kuoshea vyombo na madumu ya maji, kwa sababu bomba letu hutoa maji likijisikia. Mbele, chini ya dirisha linalotazama ziwa, jiko la umeme, na kando yake mbabula, kwa sababu umeme nao una tabia za bomba. Kulia, kabati na mahali pa kukatia mboga. Mpishi anasimama katikati, anageuka tu, na kila kitu kiko mkononi. Kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga nilipika kwa safari: chumvi ndani, maji uani, kisu kwa jirani. Nilichoka na safari.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kutoka Lubarika. Mvua ilikuwa imeiangusha nyumba yake, na mume wangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alitaka abaki nasi moja kwa moja. Yeye hakusema ndiyo wala hapana. Aliweka mzigo wake kwenye kona, na kila asubuhi alichomoa kitenge kimoja, kisha akaufunga tena fundo lilelile. "Nitabakia nikiona pa kubakia," aliniambia. Kule Lubarika hakukuwa na ukuta uliosimama, lakini tulimjua: angerudi hata chini ya turubai. Mume wangu akiingia nyumbani aliutazama mzigo kwanza, ndipo akamsalimu mama yake.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ileile ya kwanza alitoa mwiko wake mwenyewe kwenye mzigo, akatusongea bugali uani. Tulipokwisha kula aliuosha mwiko, akaukausha, akaurudisha kwenye mzigo. Akafanya hivyo kila siku.

Fundi hakutaka kumwaga saruji kabla hatujakubaliana, kwa hiyo aliniambia nichore umbo la meza sakafuni kwa kaa, kisha akapanga matofali makavu juu ya mstari hadi mapajani. Niliingia, nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Sawa kabisa. Mama mkwe, ambaye hakusoma, alisimama mlangoni akiyatazama matofali.

"Hii iko mapembe ya ng'ombe," akasema.

"Ni U, mama," mume wangu akamjibu.

"Iko mapembe. Na bugali mutasongea wapi?"

Nikamwonyesha pale mbele, chini ya dirisha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa alale amesimama. Alichukua kigoda cha fundi na ndoo tupu ya saruji, akaingia katikati ya U, akakaa, akanyoosha miguu na kuibana ndoo kwa nyayo. Ndivyo bugali wa muhogo unavyosongwa kwetu, hasa ukiwa wa watu wengi. Sufuria linashushwa chini, miguu inalishika, mabega yanausukuma mwiko. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini katika kupima kwangu nilikuwa nimempima mtu aliyesimama tu.

Mimi nilikuwa upande wa dirishani. Miguu yake ilianzia pembe moja ikaishia pembe nyingine, na njia ya kutokea ikafungika.

"Pita," akasema.

"Mama, minye siwezi kukuruka."

Kuruka miguu ya mtu ni mwiko. Ukiruka ya mtoto, wanasema hatakua. Ukiruka ya mama mkwe, hakuna anayesema kitatokea nini, kwa sababu hakuna aliyejaribu. Kiswahili kimeupa mti wa kusongea na jambo lisilofanywa jina moja, na sikuwahi kuliwaza hilo hadi niliposimama pale nimefungiwa na vyote viwili. Fundi akacheka, akaniambia niruke matofali, si bado makavu? Kwa mgongo huu?

Mama mkwe aliyatazama matofali pande zote mbili. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Hii jiko iko ya muntu moja. Minye nikiwa ndani, weye unafungwa. Weye ukiwa ndani, minye sina pa kukaa."

Akaanza kukunja miguu ili ainuke. Hapo niliogopa. Nilijua akiinuka pale, kesho yake atakuwa kwenye gari la Lubarika na mzigo wake, ambao hauhitaji hata kufungwa. Mume wangu naye alijua, kwa sababu alinitazama mimi, si yeye.

"Kaa, mama, usiinuke," nikasema. Nikamgeukia fundi. "Toa pembe la kulia."

Fundi akauliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo, na iliniuma. Kabati likahamia sebuleni, mboga nikapangiwa kipande kifupi kama ubao wa kufulia, na safari zangu zikarudi. Lakini penye pembe lile pakapatikana mahali pa kigoda, pa kuelekezea miguu ukutani, mbali na njia.

"Hii si U tena," fundi akalalamika. "Ni J."

"Iko ng'ombe ya pembe moja," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nikamsikia akicheka.

Tulipohamia, aliingia jikoni na mzigo wake kabla sijaingiza hata sufuria moja. Akakaa mahali pake, akamwomba mwanawe msumari, akamwonyesha ukutani pa kuupiga. Palikuwa chini sana, usawa wa goti.

"Tuupandishe, mama," mume wangu akasema. "Hapo mwingine hataufikia."

"Mwingine nani?"

Akaupiga palepale. Mama yake akafungua fundo, akautoa mwiko, akautundika. Mimi siufikii hadi leo, na sijawahi kuomba usogezwe.