Zamu ya Ardith

Ardith Kucera alifika miaka hamsini na minane bila kutia mguu baharini. Kwa mtu wa Nebraska si ajabu, maana kule hata ukipanda juu ya ghala utaona mahindi tu mpaka jicho lichoke. Alikuwa mpishi wa shule, mjane, mtu wa kanisani, na hamu ya bahari hakuwa nayo peke yake. Walikuwa nayo wawili, yeye na dada yake mkubwa, Marlys. Utotoni walilala kitanda kimoja wakiulizana bahari inanukaje.

Sasa Marlys mapafu yalikuwa yamemlaza. Mwezi wa kwanza, Jolene, binti wa pekee wa Ardith, akapiga simu kusema kwamba mwezi wa sita wanakwenda Florida, kwenye bustani kubwa ya michezo, na mama yake aandamane nao. "Siku nne za michezo," akasema, "na Ijumaa, Mama, tunakupeleka baharini."

Marlys aliposikia alimpa dada yake chupa tupu ya jemu.

"Usiniletee makombe ya pwani yanayouzwa dukani," alisema. "Niletee maji yenyewe. Nataka niyaonje, nijue kama hiyo chumvi ni kweli au watu wanatupiga chenga tu."

Basi Ardith akaipanga Ijumaa ile kama mtu anayepanga harusi. Akaandika daftarini saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, barabara ya kuelekea mashariki, mwavuli, kofia ya mtoto, kuku wa kukaanga. Chupa akaiviringisha ndani ya gauni lake la Jumapili isije ikavunjika.

Jumatatu wakaingia bustanini: yeye, Jolene, mkwewe Craig, mjukuu wake Maddox wa miaka tisa, na Tess, mtoto wa miezi minane. Kule wenye watoto wachanga wana utaratibu wao. Wengine wakipanda mchezo, yale magari ya reli yanayopaa na kuporomoka, mtu mzima mmoja hubaki na mtoto. Wakishuka wanapokezana, na yule aliyesubiri anapita moja kwa moja bila foleni. Aliyesubiri alikuwa Ardith. Kila mchezo, siku nzima, akisukuma kigari cha Tess kivulini huku na huku. Na zamu yake ilipofika, Jolene alisema, "Mama, hii mwachie Craig arudie na Maddox. Yako wewe ni Ijumaa."

"Bibi anaogopa, ndiyo maana," Maddox akamtania.

"Bibi anajiwekea nguvu," Ardith akamjibu. "Ijumaa utanikimbiza kwenye mchanga ushindwe, kijana wewe."

Jumanne ikawa hivyo, na Jumatano. Miguu ilimvimba, lakini hakunung'unika. Mtu mwenye ahadi mkononi hachoki upesi.

Alhamisi asubuhi, getini, walikuwa wakiweka kidole kwenye mashine ya tiketi mmoja mmoja. Mzee wa zamu akatazama kioo chake, akamwambia Ardith kwa upole, "Leo ndiyo siku yako ya mwisho, Bibi. Ufurahi. Hawa wenzako bado wana kesho."

Ardith akatabasamu. Akadhani mzee wa watu amekosea. Lakini kufika saa sita, akiwa na Tess mapajani, moyo wake ulikuwa umeanza kuhesabu. Tiketi yake ilikuwa ya siku nne. Zao za siku tano. Mtoto mchanga haingii kwa tiketi.

Jioni, hotelini, akasimama kwenye jiko dogo la chumbani akipaka kuku unga.

"Mama, kuku wote hawa wa nini?" Jolene akauliza.

"Wa kesho. Yule mzee wa getini ameniambia nyinyi mna siku ya tano."

Craig akachukua ndoo, akasema anakwenda kutafuta barafu. Ndoo ilikuwa imejaa barafu.

Jolene akakaa kitandani. "Maddox tumemshikia nafasi kwenye mchezo ule mpya, Mama, na ni kesho tu. Tena Tess jua la pwani litamchoma. Hapo chini kuna bwawa zuri. Maji ni maji."

"Mliamua lini?"

"Mama, usianze."

"Nauliza lini tu, mwanangu."

Jolene akatazama kucha zake. "Tulipokata tiketi."

"Mwezi wa kwanza."

"Tungekwambia ukweli usingekuja. Na sisi tulikuhitaji."

Ardith akaligeukia jiko. Kwa hiyo bahari ilikuwa chambo, na yeye ndiye samaki. Alimaliza kukaanga kuku, kwa maana kuku akishapakwa unga hangoji. Alipopiga magoti kusali, alikwenda vizuri mpaka mahali pa kuwasamehe wanaotukosea, hapo akakwama. Akaanza tena mwanzo, akakwama palepale.

Ijumaa wakamwachia Tess, wakaondoka asubuhi na kuku wao. Maddox peke yake aligeuka akampungia mkono. Tess alipolala, Ardith akaifungua ile chupa. Akachota maji ya bwawa, akapanda nayo chumbani, akatia vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, akatikisa, akaonja. Yalikuwa machungu ya kutosha. Marlys angeyajulia wapi? Angefumba macho, angefurahi, huenda angelia kidogo. Ardith akaisimamisha chupa mezani, akaitazama mpaka mtoto akaamka. Kisha akayamwaga yote, akaisuuza chupa mara tatu.

Jumamosi, wakiagana uwanja wa ndege, Jolene akamkumbatia kwa nguvu. "Mama, kwa Mama mkubwa sema tu mvua ilinyesha. Usimtie huzuni bure, ni mgonjwa."

Jumapili baada ya ibada Ardith akaenda kwa dada yake. Marlys alikuwa ameegemezwa mito, mrija wa hewa puani, nywele amechana.

"Jolene amenipigia asubuhi," akasema. "Ati mvua iliwazuia. Siku nzima."

Akamtazama mdogo wake vilevile kama alivyomtazama zamani kwenye kile kitanda, akingoja jibu. Aibu za Jolene, Ardith alikuwa amezifunika tangu mtoto akiwa shule, shuka juu ya shuka, na mkono wake ulikuwa umezoea. Akaiweka chupa tupu juu ya blanketi.

"Haikunyesha, Marlys," akasema. "Hata tone."