Ovaroli ya Mama wa Kihesa Nimeikuta Imefumuliwa Mezani kwa Mwanangu

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba watu wakishatambulishwa, wamefahamiana. Kwenye hafla za makampuni mshereheshaji hutaja majina na vyeo kuanzia meza kuu hadi mlangoni, watu wanasimama, wanapunga mkono, wanakaa. Chakula kikiisha, kila mmoja anaondoka na wale wale aliokuja nao. Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu yaache yalivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na saba, naishi Iringa. Mwanangu wa kwanza anaandaa hafla na kuzisherehesha, na huniomba nisimame mlangoni kwa sababu wageni hufunguka wakiona mvi. Mgeni akiingia simuulizi cheo. Namsalimia, namuuliza kwao ni wapi, kisha namuuliza nini kimemkwamisha kwenye kazi yake. Nikishajua, namshika mkono hadi kwa mwenye jibu, nawaeleza kila mmoja anachotafuta mwenzake, halafu naondoka. Kuondoka ndiko kugumu. Wengi hubaki wasikilize.

Kwenye hafla moja ya Mbeya nilimwalika, kwa ruhusa ya mwanangu, mama mmoja wa Kihesa, hapa hapa Iringa, anayeshona nguo za kazi. Alikuwa ameniambia wazi kwamba asipopata mteja mkubwa mwaka huu atafunga, na mabinti anaowafundisha warudi kwao. Nikamkutanisha na mzee wa Chunya, kiongozi wa wachimbaji wadogo, aliyelalamika kwamba nguo za vijana wake zinachanika shimoni. Mama akatoa ovaroli kwenye mfuko.

"Vuta mwenyewe hapo kwapani, baba. Ukiichana nakushonea nyingine bure."

Mzee akavuta mpaka akakunja uso. "Huyu mama anashona kama ana ugomvi na kitambaa," akasema, wote tukacheka.

Hapo hapo sauti ya mwanangu ikatoka kwenye spika: "Yule mama mwenye mfuko, hapa siyo mnadani. Tuheshimu meza kuu." Ukumbi ukacheka. Mama akakunja ovaroli yake, akakaa, hakuinua uso tena. Hotuba zilipoisha, mzee alikuwa ameshaanza safari ya Chunya. Mwanangu akamwambia yule mshonaji, "Mama, niachie hiyo ovaroli. Namba yake ninayo, nitamfikishia."

Tangu hapo, kila tukikutana mama ananisalimia kwa Kihehe, kisha ananiuliza, "Kamwene, mwalimu. Yule baba wa Chunya bado kimya?" Nikimuuliza mwanangu, ananijibu, "Baba, watu wa madini wana mambo mengi. Avute subira."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipita kwake. Mezani nikaikuta ovaroli ile ile, imefumuliwa mshono kwa mshono, vipande vimetandazwa juu ya kitambaa kipya, na dada wa mkwe wangu anavizungushia chaki. Mkwe wangu akanipokea kwa furaha. "Shikamoo baba, samahani kwa vitambaa. Dada amepata kazi ya Chunya, mume wangu kamuunganisha." Masikini, hakujua lolote.

Nilimwita mwanangu nje.

"Baba, kazi yetu si kuunganisha watu? Nimewaunganisha."

"Umemuunganisha shemeji yako na jasho la mtu mwingine."

"Kwani shemeji si mtu?" Akacheka. Nimefundisha watoto watukutu maisha yangu yote, lakini sijawahi kutamani kumchapa mtu mzima kama siku ile.

Sasa ana hafla nyingine Mbeya, mzee wa Chunya amealikwa, na mimi natakiwa mlangoni. Mke wangu ananiambia, "Mtoto haanikwi hadharani. Nenda, simama, nyamaza." Nikimweleza mzee ukweli, mwanangu hataaminiwa tena na kampuni yoyote, na ana watoto wadogo. Nikinyamaza, mama yule atafunga, na mkono uliomwongoza hadi pale ni huu wangu. Kinachonichoma zaidi ni kwamba bado ananishukuru.

Ninyi mliolea watoto wakawazidi kimo, nielekezeni: nisimame upande gani?

Na wewe mwanangu, najua unausoma ukurasa huu, maana ndiwe uliyeniwekea kwenye simu. Mpigie mama wa Kihesa leo, umpe namba ya mzee wa Chunya.