Masomo ya Nyakato

Kila nipitapo mahali walipoanika kahawa, ile harufu yake nzito, tamu na chachu kwa pamoja, hunirudisha kwetu Nyanga, kwenye baraza ya Mwalimu Koku, na moyo huniuma. Wengine mkiisikia harufu hiyo mnawaza mavuno. Mimi namuwaza pacha wangu.

Naitwa Nyangoma, maana ndimi niliyetangulia kuzaliwa, na huo ndio ushindi pekee niliowahi kuupata dhidi ya Nyakato. Darasa la nne, mimi bado nahesabia vidole, mwenzangu alikuwa keshachoka kutusubiri. Alipopita dirishani kwa darasa la sita alisimama, akasoma hesabu zao ubaoni na kuzijibu kwa kunong'ona. Mwalimu Koku, aliyetufundisha hesabu, akambaini. Hakumchapa. Alikaa akampangia masomo yake peke yake: hesabu asome na darasa la sita, mengine arudi kwetu, na jioni aende barazani kwake, katikati ya majamvi ya kahawa, apewe maswali ambayo shuleni hayakuwepo.

Jumapili moja baada ya misa alikuja nyumbani kuomba ruhusa. Mama alifurahi mpaka akasahau kumpa mgeni kiti. Lakini neno la mwisho kwetu lilikuwa la Bibi, mama yake baba, na Bibi hakufurahi.

"Waitu mwalimu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "mapacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, huyo uliyemnyima atakufa."

Msicheke, kwetu halikuwa jambo la mzaha. Gauni lilinunuliwa kwa jozi. Hata kofi: Nyakato akikosea, nami nililetewa la kwangu, jepesi, la kutimiza mila tu. Mwalimu alieleza, akabembeleza, mwishowe akakubali kutuchukua wote wawili.

Mungu wangu, yale maswali! Nyakato aliyarukia, uso umemng'aa. Furaha ile sijaiona tena usoni pake. Mimi niliona giza. Nililia, nikashikwa na homa, asubuhi moja nikatapika kabla ya kwenda shule. Bibi akapiga makofi ya masikitiko. "Si niliwaambia?" Masomo yakakoma, tena kwa wote wawili, maana hata kuachishwa tuligawiwa sawa. Nyakato hakulia. Alichukua ufagio akaenda kufagia uani, pale pale nilipokuwa nimekwisha kufagia.

Tangu hapo akaanza kukosa maswali darasani. Mwanzoni kidogo, halafu ovyo. Mwalimu Koku alimgombeza, akamsihi, akakata tamaa. Majirani wakasema ilikuwa nguvu ya soda tu. Mimi nilijua kikwazo ni nani, basi nikaanza kusoma kwa siri, nimejibanza nyuma ya jiko, macho yakiniuma kwa moshi. Nilitaka nimfikie, ili turudi wote barazani.

Matokeo ya darasa la saba yaliposomwa, nilichaguliwa kwenda sekondari. Nyakato hakuchaguliwa. Bibi alishika kichwa, maana nafasi hiyo haikugawanyika. Nikaondoka peke yangu. Yeye akabaki kupalilia migomba, baadaye akaolewa Muleba.

Juzijuzi nilitoka kwangu Bilele nikaenda kumtembelea. Tukiwa jikoni tunamenya ndizi, nikamuuliza jambo nililoliogopa miaka yote: akili zile zilikwenda wapi?

Akacheka. "Ziende wapi? Nilikuwa nakosa makusudi, ili tulingane. Kwenye mtihani nikakadiria utaishia wapi, nami nikaishia hapo hapo. Nilijua hutachaguliwa, Nyangoma. Ningekuachaje peke yako?"

Kisu kilinitoka mkononi. Kwanza nilikasirika, jamani, kwamba pacha wangu mwenyewe aliniona mimi ni wa kufeli. Hasira ikaisha upesi, nikabaki na uchungu ambao hadi leo sijui niupeleke wapi.

Mwalimu Koku alikuwa amepanga masomo ya mtoto mmoja, Bibi akayapanga upya yawe ya wawili, na hakuna aliyejua kwamba Nyakato naye, kimya kimya, alikuwa na mpango wake, wa kubaki na mimi. Mpango huo ungefaulu. Ni mimi niliyeuvuruga, kule nyuma ya jiko, kwa kusoma nimfikie.