Nusu ya Bi Shigeno

Duka la Bi Shigeno linatazamana na langu, na harufu ya katlesi zangu huvuka kichochoro na kuingia kwake bila hodi. Yeye anauza chai ya hapa hapa Shimada, Japani, taulo zilizofungwa kwa karatasi nyeupe, na makopo ya mwani. Kwa ufupi, anauza shukrani. Mtu akifiwa, akioa, akitoka hospitali, watu humpelekea chochote, na mambo yakitulia huja kwa Bi Shigeno kuchagua cha kuwarudishia.

Na ole wako ukosee! Mwaka aliofariki mama yangu niliingia pale kutafuta kitu cha kumrudishia shangazi, cha thamani ile ile aliyotoa. Nilijiona muungwana kweli kweli. Bi Shigeno akanitazama kama niliyepanda mkekani na viatu.

"Unataka kumtusi shangazi yako?"

"Kumtusi vipi tena?"

"Ukirudisha chote umemtupia zawadi yake usoni. Nusu, Fumiyo. Nusu ndiyo inayosema nimepokea. Na akishaipokea, yamekwisha. Cha kurudisha hakirudishiwi tena, la sivyo mtapelekeana chai mpaka mfe."

Nikanunua cha nusu, nikatoka nimenywea. Ndivyo alivyo yule mama. Mdomo wake pilipili, na sijapata kuusikia ukimsifu mtu, sembuse mkamwana wake, Chinatsu.

Maskini Chinatsu! Aliolewa na Kohei, mtoto wa pekee wa nyumba ile, na hata mwaka wa harusi haujaisha baba mkwe akaanguka kwa kiharusi, mwili ukafa upande mmoja. Bi Shigeno alikuwa kwenye kaunta kutwa, kwa hiyo Chinatsu ndiye aliyemgeuza mzee, akamsafisha, akamlisha uji kwa kijiko. Kisha figo zake mwenyewe, zilizomsumbua tangu usichana, zikakata kabisa. Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, leo anakwenda, kesho anapumzika, keshokutwa tena. Alirudi kutoka huko uso hauna rangi, akajishika ukutani, akapanda ngazi kwenda kumbadilisha mzee nguo. Niliyaona kwa macho yangu, nimesimama mbele ya karai langu la mafuta.

Mtu wa mashine hanywi maji apendavyo, maana yakishaingia hayana pa kutokea. Basi katika nyumba iliyojaa chai hadi darini, Chinatsu alikuwa akinywa maji kwa kikombe kidogo, kile cha kunywea pombe ya mchele, na anayempimia ni mama mkwe. Siku moja ya joto kali nilimwona midomo imempasuka, nikamwonea huruma, nikampa bakuli la barafu iliyoparuzwa na sharubati juu. Lo! Bi Shigeno alivuka kichochoro kandambili hazifanani, akanipokonya bakuli.

"Unataka kuniulia mtoto?"

Nilinuna wiki nzima. Kwa hasira hata sikuzingatia alivyomwita.

Mzee alipofariki nilikaa msibani nikisubiri neno moja tu la asante kwa yule binti. Bi Shigeno akamgeukia, nikasema moyoni, haya, ndiyo hilo linakuja. Akasema, "Maua ya kushoto yamepinda. Yanyooshe." Jamani! Kama si msiba ningemjibu.

Msimu wa mvua uliofuata, Chinatsu aliingia dukani kwangu akakaa kwenye stuli bila kuagiza kitu. Mshipa wa mkono wanaouchomeka kwenye mashine ulikuwa unaziba, na moyo umeanza kuvimba. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mashine haitamfikisha mbali. Kilichobaki ni kupandikizwa figo ya ndugu. Wazazi wake hawapo tena, na Kohei ana kisukari, walimkataa siku ile ile.

"Mama anataka kunipa yake," akasema.

"Bi Shigeno? Amesemaje?"

"Amesema, 'Alhamisi tunakwenda kupimwa, vaa soksi zisizotoboka.'"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimekataa, dada."

"We! Una kichaa?"

"Nitamrudishia nini? Nyumba ile unaijua. Hata yai la jirani halilali bila kurudishiwa. Niishi na figo ya Mama tumboni, kila asubuhi namtazama usoni, na sina cha kumpa? Siwezi. Bora niondoke nikiwa sidaiwi."

Nilitaka kumgombeza, nikageukia katlesi zangu karaini. Ukweli ni kwamba nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Binti yule alikuwa radhi kufa kwa adabu.

Pazia la mlango likafunuliwa. Bi Shigeno, na aproni yake.

"Nani kakwambia hii ni zawadi?"

Chinatsu akaruka kusimama. "Mama..."

"Kaa chini. Nakuuliza, nani kakwambia ni zawadi? Mume wangu alikuwa anageuzwa na nani? Nguo zake zilifuliwa na nani? Mimi nilikuwa nauza taulo! Wewe ulitoka kwenye mashine miguu inatetemeka, ukapanda ngazi. Ulidhani sikusikii? Nilikuwa pale chini, nasikia kila ngazi inavyolia."

"Mama, ule ulikuwa wajibu wangu tu."

"Nyamaza. Mji mzima unakuja kwangu kujifunza kurudisha, na cha kwako mimi sijarudisha mpaka leo. Nimetafuta duka zima, hakuna kinachofaa. Nikupe chai, nawe huruhusiwi hata kuinywa? Nikupe taulo?" Akajipiga kiunoni, kulia, kisha kushoto. "Ninazo mbili. Moja ni nusu. Ukiikataa utakuwa umeniaibisha mbele ya huyu mwenye mdomo."

Huyo mwenye mdomo ni mimi. Nilikuwa nalia, na katlesi zote zikaungua.

Alhamisi walikwenda. Vipimo vilionyesha kwamba makundi ya damu yao hayapatani, na katika kichochoro chetu hakuna aliyeshangaa. Daktari akasema siku hizi dawa ipo, itachukua muda kidogo. Mtaalamu mwingine akamwita Bi Shigeno faraghani, kama ilivyo kanuni, amuulize kama kuna anayemlazimisha.

"Anayelazimisha ni mimi," akajibu. "Muulize yule msichana."

Siku ya upasuaji nilifunga duka nikaenda na Kohei mjini Shizuoka. Bi Shigeno alirudishwa wodini kwanza, mdogo kitandani hata nikashtuka, mimi niliyezoea kumwogopa. Alipofumbua macho hakuuliza maumivu yake wala saa. Alimshika muuguzi mkono.

"Amekojoa?"

"Amekojoa, bibi. Mfuko umejaa."

Akajifunika shuka usoni. Shuka ikawa inatikisika. Kohei alitaka kumwita daktari, nikamvuta koti, nikamwambia mwache mama yako.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, Chinatsu alikuwa amerudi nyumbani, mashavu mekundu, na amri ya kunywa maji mengi. Asubuhi moja nilikuwa pale nanunua chai, akashuka amevaa nguo zake za heshima, kasha limefungwa vizuri mikononi. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akainama hadi paji likagusa mkeka.

"Mama, naomba upokee."

Bi Shigeno alilitazama kasha, akanyoosha fundo lililopinda, kisha akalisukuma likarudi alikotoka.

"Umeuza nami dukani humu miaka yote na bado hujui? Cha kurudisha hakirudishiwi. Yamekwisha."

Chinatsu hakuinuka. Bi Shigeno akaenda kwenye birika, mkono wake kwa mazoea ukachukua kile kikombe kidogo, akakitazama, akakirudisha nyuma kabisa ya kabati. Akashusha kikombe kikubwa cha marehemu mumewe, akakijaza chai hadi ikafika ukingoni.

"Inuka unywe, mwanangu, inapoa. Na ukimaliza nakuongeza."