Nilivyochimbua bustani kuwatafutia wajukuu sarafu

Hadi leo nikipita na tramu karibu na ile bustani ya mtaa wa Forest nageuza uso na kujifanya nasoma simu, kwa sababu mle ndani nimewahi kusimama na soksi iliyotoboka mbele ya mkwe wangu, mbele ya mlinzi wa bustani, mbele ya nusu ya watu wa Bukavu wanaoishi Brussels, na kosa lilikuwa langu peke yangu (mke wangu ataongeza mengine, msimsikilize).

Binti yangu Neema alikuwa amejifungua mapacha, na Jumapili moja ya jua tukawatoa nje kuwaonyesha kwa ndugu. Tulitandika vitenge kwenye nyasi, kulikuwa na sambusa, bia, ngoma ya kuazima. Sasa kwetu mapacha hawapokelewi kwa maneno matupu. Bibi yao anacheza na ungo mkononi, anawazungukia wageni, na kila mgeni anatupa sarafu, moja ya huyu na moja ya yule, maana ukimnyima mmoja watanuna wote wawili. Nilipokuwa mdogo kule Kadutu, Bukavu, bibi wa mapacha akipita mtaani ulimsikia kabla hujamwona, sarafu zikirukaruka ndani ya ungo, na sisi watoto tukimfuata hadi tunasahau njia ya nyumbani. Ile sauti ndiyo niliyotaka wajukuu zangu waisikie, sikutaka kitu kingine.

Basi Maman Consolata, mama wa mume wa Neema, mkwe ambaye hata kukohoa mbele yake najiuliza mara mbili, akaanza kucheza. Mgeni wa kwanza akapapasa mifuko, hamna. Wa pili akainua simu na kusema atatuma baadaye. Wa tatu hivyo hivyo. Maman Consolata akasimama, ngoma nayo ikanyamaza.

“Bon, banaume bote na masuti yenu, hakuna hata mutu moya iko na pièce mu mufuko?”

“Siku hizi tunalipaka na carte, maman,” mmoja akajibu chinichini, akionyesha kadi yake ya benki.

Akauweka ungo chini, mtupu, na nikamwona Neema ameinamisha uso juu ya watoto wake. Iliniuma kweli. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa, mashine ya benki inatoa noti tu, lakini mimi kwenye gari nilikuwa na mashine yangu ya kutafutia sarafu, ile yenye mpini mrefu na sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Zamani, Jumatatu asubuhi baada ya watu kulala juani wikendi nzima, niliipitisha kwenye nyasi kama zile na sikurudi mikono mitupu. Nikasema, “Mungojee kidogo,” na hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniponza.

Mashine ikalia hatua ya kwanza. Watu wakapiga makofi, nikanyakua mwiko wa kusongea fufu wa mke wangu, nikachimba, hamna kitu. Nikasogea, ikalia tena, nikachimba tena, na kila nikiirudisha karibu yangu inalia kwa furaha, nami najiambia zimezama, zimezama tu, nikaenda hivyo mashimo juu ya mashimo, jasho linatiririka, wageni wananifuata kama msafara, mapacha wameanza kulia, mpaka nikainua kichwa nikakuta mlinzi wa bustani, msichana wa umri wa Neema, ananiuliza kwa Kifaransa, kwa upole uliozidi, kama sijui kwamba kuchimba ni marufuku.

Neema akaja na mtoto begani. “Papa, si nilikuambiaka uache ile mashini ku nyumba? Na umevaa viatu gani?”

Nilivaa viatu vyangu vya kiwandani, vya chuma kwenye vidole. Tangu kiwanda cha magari nilichofanyia kazi kifungwe nimeshindwa kuvitupa, nilikuwa nimevipiga rangi vikapendeza na suruali ya sherehe. Nikavivua, kidole kikachungulia kwenye soksi, Maman Consolata akatazama mitini kwa heshima. Nikaipitisha mashine tena. Kimya. Nikazunguka nyasi zote zile na haikulia hata mara moja, na hapo nikajisikia mzee, jamani, nikakaribia kulia mimi mwenyewe.

Neema akamweleza mlinzi tulichokuwa tunatafuta. Yule msichana akatoa funguo zake, akachomoa kile kisarafu cha bandia, ambacho huku usipokitumbukiza toroli la dukani halifunguki, akakidondosha kwenye ungo. Kikalia.

“Na ya wa pili?” akauliza Maman Consolata.

Kila mtu akashika funguo zake. Vingine vilikuwa vya plastiki, lakini alipouinua ungo na kuanza kucheza, mapacha walinyamaza kusikiliza, nami nilikuwa nimepiga magoti nafukia mashimo kwa mwiko.

Jumatatu simu zikaanza, kila mtu anataka chake arudi nacho dukani. Neema amekataa katakata, ni vya watoto. Kwa hiyo mkinikuta barabarani nimekumbatia maji na viazi kifuani msinicheke, nilitoa changu na cha mke wangu, na nimeapa sitachimba tena mahali popote kutafuta kingine.